Kipozeo cha Shaba Alichonichongea Wifi

Chumba changu cha kazi kiko uani, nyuma ya nyumba yetu hapa Kasulu mjini. Mume wangu alikijenga ili ahifadhi maharage anayonunua Rungwe Mpya na vijiji vya jirani, halafu kazi yangu ya kurekodi kwaya ilipokua, maharage yakahamia sebuleni na mimi nikapewa chumba. Kuta nimezibandika magodoro yaliyochoka. Dirisha nimeliziba kwa mbao na blanketi, na juu ya dari nimetandaza magunia ili mvua ya kwenye bati isiingie ndani ya nyimbo. Ukifunga mlango unasikia pumzi yako mwenyewe.

Humo waimbaji wanaimba wachache wachache, na humo humo ndimo ninamokaa na kompyuta. Sina chumba cha pili. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam, sikuuliza sana kuhusu ukubwa wala umri wake. Niliuliza inapiga kelele kiasi gani. Yule aliyekuwa akiitumia, mchoraji wa ramani za majengo, aliiwasha huku simu yake ikiwa karibu na kasha ili nisikilize. Sikusikia kitu. Nikadhani simu imekatika.

Siri ya ukimya wake ilikuwa maji. Kompyuta nyingi hupozwa kwa feni inayokaa juu ya prosesa, ile sehemu ndogo inayofanya hesabu zote na ambayo hupata moto kama pasi. Hii yangu ilikuwa na kipande cha chuma chenye uwazi ndani, kimekalia prosesa. Pampu ndogo ilisukuma maji yakapita ndani ya kile kipande, yakauchukua moto, yakaupeleka kwenye rejeta inayofanana na ya pikipiki kubwa, yakapoa na kurudi. Mzunguko haukomi. Kile kipande kinachokalia prosesa ndicho nitakachokiita kipozeo, na ndicho kilichonikutanisha na wifi yangu, ingawa kwa jina tulikuwa ndugu tayari kwa miaka kadhaa.

Nikisema wifi, namaanisha dada wa mume wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wateja wangu vijana, nikiwaambia kwamba wifi ndiye aliyeiponya kompyuta, huzitazama simu zao kuangalia kama mtandao umerudi.

Kompyuta ilianza kujizima mwanzoni mwa kiangazi. Nikiwa katikati ya kuunganisha picha na sauti, kioo kinakuwa cheusi, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Fundi kompyuta wa hapa mjini aliifungua akakuta kipozeo kimeliwa. Kilikuwa cha alumini, na rejeta ilikuwa ya shaba, na mwenye mali wa kwanza alikuwa akiongeza maji ya bomba. Fundi alinieleza vizuri kwamba metali hizo mbili zikikaa kwenye maji mamoja, moja huiumiza nyingine, na inayoumia ni alumini. Ndani ya kipozeo kulikuwa na unga wa kijivu kama majivu yaliyolowa. Kukipata kingine cha aina hiyo kungechukua muda mrefu, na kwa umri wa ile kompyuta hakuwa na hakika kama bado vinatengenezwa. Akanifungia feni ya kawaida.

Feni ilipoza. Sitaisema vibaya. Lakini ilivuma.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na kwaya moja ya Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwalimu wao alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye masikio ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Waliimba ubeti mmoja, nikawarudishia wasikie, naye akainua kidole.

"Mama," aliniambia, "kuko bruwi ndani ya mikro."

Bruwi ni kelele, na mikro ni kipaza sauti. Nikamwambia ni feni, nitaipunguza baadaye kwa programu. Akatikisa kichwa taratibu. Alisema nikiiondoa feni, nitaondoa pia pumzi ya wale akina mama wa sauti ya kwanza, kwa sababu vyote viwili viko mahali pamoja. Nilijaribu jioni ile nikaona alichosema ni kweli. Sauti ilibaki safi lakini kama ya watu wanaoimba ndani ya ndoo.

Nilimsimulia mume wangu tukiwa tunachambua maharage. Akasema, "Mpelekee dada."

"Dada yako anatengeneza mashine za kusaga."

"Anatengeneza chuma. Hicho nacho si chuma?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa wifi. Hakuwahi kunitendea ubaya wowote. Siku ya harusi yetu jenereta lilikufa katikati ya sherehe, naye akatoka na gauni lake la kitenge, akalifungua, akaliwasha, akarudi kukaa na mikono yenye oili. Alisomea ufundi wa mitambo chuoni Mwanza, akafanya kazi kiwandani huko, kisha akarudi Kibondo na mashine zake mwenyewe: kerezo kubwa la kunyolea vyuma vikizunguka, na mashine ya kuchonga vyuma ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo pale mjini. Mimi niliyezaliwa na wazazi waliovuka kutoka Burundi, nikakulia Makere nikilima muhogo, nilijiona mbele yake kama mtu wa kazi laini. Isitoshe, ana tabia ya kuuliza. Akikuuliza jambo haachi mpaka majibu yako yaishe.

Nilienda Kibondo na kile kipozeo kilicholiwa, pampu na rejeta, vyote kwenye kikapu. Nilimkuta amevaa ovaroli, anakereza shafti ya mashine ya kusaga.

"Mwakeye, wifi," nikamsalimu kwa Kiha. Kiha chao na Kirundi chetu vinaelewana bila mkalimani.

"Mwakeye. Umekuja na nini?"

Aliinua kipozeo, akakigeuza, akakinusa. Akaanza. Prosesa ina ukubwa gani? Moto unatoka katikati au pote? Pampu inasukuma maji kwa nguvu gani? Mipira ina urefu gani? Rejeta inakaa wapi?

"Ilikuwa inakaa ndani ya kasha," nikamjibu. "Lakini mimi nataka kuitoa. Nataka nitoboe ukuta, rejeta na feni zake zikae nje barazani, ndani yaingie maji tu."

Alisimamisha kerezo. Nilidhani nimesema upuuzi.

"Hilo ni wazo zuri," akasema. "Ila mipira ikiwa mirefu hivyo, pampu yako ndogo itachoka. Kwa hiyo kipozeo kisiwe kigumu kupitisha maji. Hapo ndipo patakuwa na ugomvi."

Alivuta karatasi ya gasketi, ile ya kuzibia viungo vya injini, akanichorea kwa chaki, na ninaukumbuka ule mchoro kuliko masomo mengi niliyofundishwa darasani. Ndani ya kipozeo, alisema, unachonga mifereji kwenye shaba. Shaba inabeba moto, maji yanaupokea pale yanapoigusa. Ukichonga mifereji mingi myembamba, shaba inayoguswa na maji inaongezeka, moto unatoka haraka. Lakini maji hayapendi kupita pembamba. Yanasukumwa kwa shida, yanakuja kidogo, na yakija kidogo yanachukua moto kidogo. Ukichonga mifereji mipana, maji yanapita kwa raha, ila yale ya katikati ya mfereji yanaondoka bila kuigusa shaba, yamekuja kutembea tu.

"Sasa wewe utachagua kipi?" nikamuuliza.

"Ninataka vyote viwili," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

Shaba aliipata kwa muuza vyuma chakavu, pande nene lililotoka kwenye swichi ya jenereta la zamani. Shaba nyekundu kabisa, si ile ya manjano ya makoki, kwa sababu ya manjano haibebi moto vizuri kama nyekundu. Alinitumia picha kwenye simu kila alipofika hatua fulani, jambo ambalo sikulitegemea. Mifereji aliichonga kwa msumeno wa duara mwembamba kama sarafu, unazunguka polepole huku akiudondoshea mafuta. Baina ya mfereji na mfereji alibakiza kuta za shaba nyembamba kama ukurasa wa kitabu. Mfuniko aliutengeneza kwa plastiki ngumu inayoona, ili tuone maji yakipita.

Alikileta mwenyewe Kasulu. Kilikuwa kizuri kama kito. Nakumbuka mume wangu alikishika akasema kingefaa kuvaliwa. Wifi alitoboa ukuta wangu, akafunga rejeta barazani chini ya paa, akaunganisha mipira, akajaza maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa gereji. Kompyuta ikawaka. Chumba kikawa kimya. Prosesa iliyokuwa ikifika nyuzi tisini na zaidi wakati wa kazi nzito ikasimama kwenye hamsini na kitu. Wifi alikaa kwenye kiti changu akiutazama ule mwendo wa namba kwenye kioo kama mtu anayetazama mtoto amelala.

Haikudumu.

Kwaya ya Nyarugusu ilikuwa imerudi, na mwalimu alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini na waimbaji wake kwa siku hiyo tu. Katikati ya wimbo wa pili niliona joto linapanda. Sitini, sabini, themanini. Nilisimamisha wimbo, nikaiacha kompyuta ipumzike, tukaanza tena, likapanda upesi zaidi. Kupitia mfuniko niliona ukungu wa kijivu umelala juu ya mifereji. Waliondoka na nusu ya kazi. Mwalimu alinishukuru kwa adabu iliyoniumiza kuliko kama angekasirika.

Nilimpigia wifi nikiwa nimejiandaa kwa maneno ya kumpunguzia uchungu. Nilitaka kumwambia kwamba huenda nimekosea mimi, huenda maji yalikuwa mabaya. Hakunipa nafasi.

"Kimeziba?" akauliza.

"Kimeziba, wifi."

"Usikifungue. Nataka nikione hivyo hivyo."

Alikuja kesho yake. Alikifungua juu ya meza ya jikoni, juu ya kitambaa cheupe, na uso wake ulikuwa na hamu, kama mtu anayepokea habari aliyokuwa anaingoja. Ule unga wa alumini iliyoliwa ulikuwa umebaki ndani ya rejeta, kwenye vijia vyake vyembamba, pamoja na kwamba alikuwa ameiosha. Maji yaliuleta kidogo kidogo mpaka kwenye mifereji yake mizuri, na mifereji ikauzuia kama chujio la chai.

"Nimetengeneza chujio," akasema. "Chujio zuri sana."

Hakuna aibu yoyote niliyoiona usoni pake. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na nilikuwa nimeishi na kaka yake miaka yote ile. Mimi nikiharibu wimbo mmoja nakosa usingizi. Yeye alikuwa ameitazama kazi iliyomtoa jasho ikiwa imeshindwa, na akavuta kiti karibu ili aione vizuri zaidi.

Aliosha kila kitu, kisha akataka rangi. Nikampa ile nyekundu ya keki. Aliunganisha kipozeo na pampu juu ya beseni, bila kompyuta, akadondosha rangi kidogo kwenye mpira wa kuingizia, akaniita nisogee. Tuliinama wote wawili juu ya mfuniko ule unaoona. Wekundu uliingia kwenye kona, ukakimbia kando ya mifereji ya mwanzo, ukatoka kona ya pili. Mifereji ya mbali ilibaki na maji meupe. Ya katikati, palipo na moto mwingi wa prosesa, ilipata wekundu hafifu, ukichelewa.

"Maji yamepita njia ya mkato," nikasema.

Alinitazama. "Sema tena."

"Yamekata kona. Yameona pa kutokea, yakaenda."

"Ego," akasema, ndiyo, na akarudia kudondosha rangi mara kadhaa, kila mara akikiinamisha kipozeo upande mwingine. "Nimehangaika na wembamba wa mifereji, kumbe sijayafikiria maji kama watu wanaopita njia. Wifi, maji yanatakiwa yaingilie katikati."

Alichora palepale juu ya meza yangu kwa kidole kilicholowa rangi. Badala ya maji kuingia upande mmoja na kusafiri mpaka upande wa pili, yashuke katikati, juu ya moto wenyewe, halafu yagawanyike, nusu yaende kushoto, nusu kulia. Kila nusu itasafiri nusu ya safari. Kwa hiyo pampu haitachoka sana, na maji yatakayofika kwenye moto yatakuwa ya baridi, kabla hayajapita popote. Alilishangaa wazo lake mwenyewe. Kisha akakunja uso, kwa sababu mfuniko wa kwanza ulikuwa na tundu la kuingia na tundu la kutokea, basi. Huu mpya ungehitaji chumba ndani ya chumba, na kila kiungo kipya ni mahali pengine pa kuvujia, tena kuvujia juu ya kompyuta.

"Utaacha?" nikauliza.

"Oya," akasema, hapana. "Ila nitalipa mahali pengine. Niletee mswaki."

Nilidhani anataka kupiga mswaki. Nikamletea mpya. Akaukataa, akataka uliotumika, wa kawaida, kama unaouzwa duka lolote. Alizipitisha nywele za ule mswaki kwenye mifereji ya kipozeo. Hazikuingia, zilipinda juu yake na kuteleza. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Hii mifereji ya pili itakuwa na upana wa kuingia mswaki," akasema.

Nilifanya hesabu yangu ndogo ya mtu asiye fundi. "Lakini wifi, si ulisema myembamba ndiyo inayopoza zaidi? Hii ilifika hamsini na kitu."

"Ilifika hamsini na kitu ikiwa safi. Niambie, hapa kwako kuna kitu gani kinachobaki safi kuanzia Juni mpaka Septemba?"

Nikatazama kizingiti cha dirisha la jikoni. Nilikuwa nimekifuta asubuhi na tayari kilikuwa na vumbi jekundu la kuandikia jina.

"Wewe unakaa Kasulu," akaendelea, "mimi niko Kibondo. Kikiziba siku una kwaya, nani atakifungua? Nataka ukifungue wewe, kwa bisibisi moja, ukisugue, ukifunge, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Nitakupa nyuzi kumi za joto zaidi na wewe utalala usingizi."

Kipozeo cha pili kilimchukua muda zaidi kuliko cha kwanza. Nilikwenda Kibondo mara moja kumtazama akifanya kazi, bila sababu nyingine yoyote, nikabeba ndizi na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango wa karakana. Siku ile alikuwa anapigana na unene wa kitako, ile sehemu ya shaba iliyo kati ya mifereji na prosesa. Alikuwa amekipunguza mpaka kikawa chembamba, kwa sababu shaba nyembamba inapitisha moto upesi. Alipokaza skrubu alikiwekea rula ya chuma, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaniita. Chini ya rula palipita mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi wa buibui. Kitako kilikuwa kimepinda.

"Kikipinda hakigusi," akasema. "Hewa ikiingia hapo, ubora wote wa ndani hauna maana."

Akalitupa lile pande kwenye pipa na kuchukua jingine. Safari hii alikiacha kitako kinene. Alisema unene ule unamgharimu joto kidogo na anautoa kwa hiari. Kisha akakisugua juu ya kioo cha dirisha kilichotandikwa msasa laini, akikizungusha kwa vidole vitatu, akinyunyizia maji, akikipangusa, akikitazama, akikirudisha. Hakuharakisha. Redio ya jirani ilikuwa inapiga muziki wa Dar, na wifi alikuwa ananyamaza kwa namna ambayo mimi nilidhani ni waimbaji tu wanaoijua, wakati wanapongoja zamu yao ya kuingia.

Mfuniko wa pili haukuwa wa plastiki. Nilisikitika kidogo, nikamwambia, kwa sababu nilizoea kuyaona maji. Akasema naye anasikitika, lakini plastiki ya kwanza ilikuwa imeanza kupasuka nywele nywele kwenye matundu ya skrubu, na chumba ndani ya chumba kilitaka kukazwa sana. Alichonga wa shaba ya manjano, ambayo haigombani na shaba nyekundu ndani ya maji. Alikuwa na mfuniko mwingine wa plastiki wenye umbo lile lile, wa kupimia tu kwa rangi kule karakana. Tuliujaribu kabla sijaondoka. Wekundu ulishuka katikati, ukafunguka pande zote mbili kwa pamoja, na hapakubaki mfereji wenye maji meupe hata mmoja. Yeye alisema tu, kwa sauti ndogo, "Amazi agende buhoro," maji yaende polepole, kama anayazoeza.

Alikuja kukifunga Kasulu siku chache baadaye, pamoja na chujio dogo la waya aliloliweka kwenye mpira kabla ya kipozeo. Chujio hilo nalo lilikuwa linapunguza kasi ya maji, na aliniambia hivyo bila mimi kuuliza. Kompyuta ikafanya kazi nzito na joto likasimama kwenye sitini na kitu. Halikushuka zaidi, halikupanda zaidi. Mchana wa jua kali lilipanda kidogo, kwa sababu baraza inapata joto, jioni likarudi.

Mwalimu wa kwaya alipata kibali kingine. Aliingia chumbani, akasimama, akageuza kichwa huku na huku. Akainama, akaweka sikio karibu na kasha.

"Masini iko inafanya kazi ao imezima?"

"Inafanya kazi, Mwalimu."

"Basi tuimbe mbio, mbele haiyageuza mawazo," akasema, yaani kabla haijabadili mawazo.

Waliimba. Kuna sehemu katika wimbo wao ambapo sauti zote zinakoma, halafu mama mmoja anaingia peke yake, chini kabisa, karibu na kunong'ona. Nilikuwa nimeshaurekodi wimbo ule mara mbili, na sikujua kwamba kabla hajaingia anavuta pumzi kwa kukatisha, kama mtu anayezuia kilio. Safari hii niliisikia pumzi ile.

Wifi alikuwa ameniambia hataondoka mpaka aone kompyuta ikimaliza siku nzima ya kazi. Alishinda barazani ameegemea ukuta, mkono juu ya rejeta, akiipima kwa kiganja. Watu wa kwaya walipoondoka nilimwita ndani, nikamvalisha hedifoni, nikamwekea wimbo. Alisikiliza amefumba macho. Ulipoisha hakusifu kipozeo chake, wala mimi sikukitaja.

"Pale anapovuta pumzi," akasema. "Umepaacha."

"Nimepaacha."

"Ungeweza kupaondoa?"

"Kwa urahisi."

"Kwa nini hukupaondoa?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba pumzi zikiwa nyingi msikilizaji anachoka, anaanza kuwasikia watu badala ya wimbo. Ukiziondoa zote, wimbo unakuwa msafi lakini hauna mtu ndani yake. Kwa hiyo unaziondoa nyingine na kuziacha nyingine, na hakuna kanuni, unaamua kwa kila mahali. Nilitarajia aridhike. Akavuta kiti.

"Nionyeshe uliyoiondoa."

Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini hiyo na si ile. Akauliza ingekuwaje kama kwaya ingekuwa kubwa, au kama wimbo ungekuwa wa haraka. Akauliza kama mtu anayesikilizia kwenye simu ndogo anaisikia ile pumzi kabisa, na kama haisikii, naihariri kazi kwa ajili ya nani. Swali hilo la mwisho nikamwambia nitalijibu tukiusikiliza tena. Akaitikia kwa kichwa.

Mume wangu alikuja kugonga mlango kutuambia ugali unapoa. Wifi akamjibu kupitia godoro kwamba tupo kazini, kisha akanigeukia.

"Rudisha pale mwanzo," akasema. "Taratibu."